Rufaa ya Mguu wa Kushoto

Picha ya mguu wake wa kushoto ilikuwa juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai, na wanaume watatu walikuwa wakiijadili kana kwamba mwenye mguu hayumo chumbani.

Fundi cherehani aliketi wima, magongo yake yameegemea ukutani. Miezi mitano iliyopita, gari lililokatika breki lilimkuta mbele ya duka la vitambaa, likamvunja mfupa wa muundi. Kampuni iliyolikatia bima gari lile ilikataa kulipa gharama za upasuaji, kwa barua ya mistari minne: mguu ulikuwa na hitilafu ya zamani. Tangu siku hiyo alikanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na nguo za wateja zikarundikana hadi dirishani.

Alipokata rufaa mara ya kwanza, waliambiwa wasubiri, yeye na shemeji yake. Mara ya pili kampuni iliahidi nusu ya gharama, mradi atie saini na mambo yaishe. Alizisukuma karatasi zao kwa ncha ya kidole.

"Mnasema hitilafu ya zamani. Ya zamani ya lini? Mfupa hauvunjiki pasipo siku wala mahali. Nithibitishieni."

"Mama, pokea hiyo nusu," ofisa wa madai alimsihi. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Hiyo shari kamili ndiyo niliyoifuata."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi bomba mwenye mzaha mwingi, lakini siku ile alimshika mkono kwenye ngazi bila mzaha.

"Shemeji, hawa ukiwachokoza watafukua hata yaliyozikwa."

"Wafukue. Jembe nimewapa mimi."

"Kaka alikuwa akisema, ukinuna wewe, hata pasi inapoa kwa woga."

"Kaka yako alinijua," alijibu, wala hakucheka.

Hakuwa akiwaomba haki kama mtu aombaye maji ya kunywa. Alikuwa akiwachukia. Wala chuki yake haikuwa ya makelele. Ilikuwa chuki ya fundi, inayofuata mstari wa chaki bila kupinda. Alimwandikia mkurugenzi, akaliandikia gazeti, akamwandikia msimamizi wa kampuni za bima, na katika kila barua alirudia maneno yale yale: kama kampuni ina ushahidi, na iutoe, kama haina, ikiri mbele ya watu kwamba ni kampuni ya waongo. Barua ya gazetini ilipotoka, kampuni ilipandwa na mori. Ikaajiri mpelelezi.

Ndipo kikaitishwa kikao hiki cha rufaa ya mwisho. Wakili wa kampuni, kijana ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja katika kazi ile, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akafungua faili lililoliwa na mchwa pembeni.

"Hospitali iliyomtibu mama huyu mguu miaka ya nyuma ilishafungwa," alisema, "na mafaili yake yakatupwa ghalani. Mpelelezi wetu amechambua magunia kwa majuma sita."

"Mnajua kutafuta," fundi alisema.

"Tunajua, mama."

Akasoma. Jina ni la fundi, na alama ya kidole gumba ni yake. Mguu wa kushoto, mfupa wa muundi umevunjika. Amegongwa na gari kwenye njiapanda ya kiwanda cha sabuni, Jumatatu asubuhi, miaka minane iliyopita. Daktari aliyempokea, ambaye sasa ni mstaafu, alikuwa ameapa kwamba mwandiko ule ni wake.

"Unakana, mama?"

"Sikani hata neno moja."

Wakili, aliyekuwa amejiandaa kwa ubishi wa asubuhi nzima, alibaki na kalamu hewani.

"Ila nami niulize," fundi aliendelea. "Haya uliyoyasoma, kampuni inayakubali kuwa kweli? Isije kesho ikanigeuka."

"Kampuni imeyaapia. Saini ya mkurugenzi hii hapa."

Mwenyekiti wa jopo alitangaza kwamba rufaa imetupwa. Fundi aliomba nakala mbili za uamuzi na za kiapo, kila ukurasa upigwe mhuri. Alipewa, tena kwa huruma. Hata ofisa wa madai alimfungulia mlango.

Nje, shemeji yake alishindwa kumtazama usoni.

"Miezi mitano, shemeji. Na ile nusu nayo imepeperuka. Haya, twende nyumbani."

"Bado," alisema. "Nivushe barabara."

Ng'ambo ya barabara ilikuwa mahakama. Katika chumba cha masjala, karani mwenye miwani mizito alimuuliza shida yake, naye akamtajia namba ya jalada bila kutazama popote. Karani aliingia ndani, akakawia, akarudi akipangusa vumbi kwa kiganja. Alisoma kimya ukurasa wa kwanza, kisha wa mwisho.

"Kesi ya kifo cha mumeo," alisema taratibu. "Mama yangu, hii ilifutwa. Kampuni ya bima iliapa kwamba Jumatatu ile, miaka minane iliyopita, gari lenye bima yake lilipomuua, marehemu alikuwa peke yake pale njiapanda ya kiwanda cha sabuni, akajitupa barabarani mwenyewe. Na wewe, uliyedai kwamba gari liliwapandia mlipokuwa mmesimama pembeni, ikaapa kwamba hukuwepo kabisa."

"Ndivyo ilivyoapa," fundi alisema, akimsogezea zile nakala mbili. "Leo imeapa kwamba nilikuwepo."