Bakuli la Tatu

Siku ya sita, Daktari Nyamizi aliandaa mezani mabakuli matatu ya uji, la tatu dogo.

“Mke wangu, hapa tuko wawili,” alisema Mashauri, mumewe. Miaka kumi na minne ya ndoa, mtoto hawakujaliwa.

“Najua.”

Sheria ilimtaka daktari wa baraza la afya ya akili avae kifaa nyuma ya sikio, asikie wiki nzima anachokisikia mgonjwa, ndipo atoe uamuzi. Bi Chausiku, aliyefungiwa wodini, alimsikia marehemu mwanawe akiomba uji. Akibakizwa kutibiwa, sauti ingekoma kwa wote wawili. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, daktari angebaki na kifaa mwaka mzima, ili asije akaruhusu watu ovyo.

Kesho yake, kwenye kikao cha baraza, hakimu aliuliza, “Daktari, umeonaje?”

Nyamizi alimtazama Chausiku, amebaki mifupa mitupu kwa kumwekea mtoto kila chakula alichopewa. Wodi ingemponya, hilo alilijua fika.

“Aende nyumbani. Ni mzima.”

Jioni Mashauri alikuta mabakuli matatu mezani. Mkewe alikuwa amejaza lile dogo tu, anaupuliza uji upoe.