Ardhi Isiyowahi Kuona Jinsengi

Mzizi wa ishirini ulipotoka ardhini umeoza kama ile kumi na tisa ya mwanzo, Gwak Chun-sik aliacha kuhesabu. Aliutupa kwenye lundo, akajifuta mikono kwenye suruali, akaendelea kuchimba. Jinsengi hukaa ardhini miaka sita ndipo iwe dawa ya maana. Hii ilikuwa na miaka minne, na ilinuka kama viazi vilivyosahauliwa kwenye gunia.

Bi Tak Bun-nyeo, mwenye shamba, alishusha kapu la chakula kwenye tuta. Tangu alfajiri alikuwa anapika, na tangu alfajiri alikuwa anajiambia: leo namwambia, liwalo na liwe.

"Mama Tak, kapu lote hilo?" Sim-deok akamtania. Alikuwa jirani aliyekuja kusaidia kuchimba. "Kuna harusi hatujaalikwa?"

"Kula, uache mdomo."

Sim-deok akacheka, akapokea chapati ya vitunguu vya majani na bakuli la pombe ya mchele. Chun-sik hakuja. Hata kumtazama mama wa watu hakumtazama. Mwezi mzima sasa alikuwa akimkwepa, yeye ambaye zamani hapiti mlangoni pake bila kumwamkia. Keshajua, Bun-nyeo aliwaza. Keshajua, ananiacha nijikaange kwa mafuta yangu mwenyewe.

Huku wilayani Geumsan, anayekodi shamba la jinsengi huuliza swali moja tu: limeshawahi kuzaa jinsengi? Neno la mwenye shamba linatosha. Chun-sik, mgeni kutoka wilaya ya mbali, aliuliza akiwa amevua kofia. Na Bun-nyeo akamjibu, bila kupepesa macho, kwamba ni ufuta na maharage tu tangu enzi za baba mkwe. Uongo mtupu. Marehemu mumewe alikuwa ameng'oa jinsengi humo miaka mitano tu kabla ya siku hiyo. Kijiji kizima kilijua, kikanyamaza, maana nani amharibie mjane riziki? Kodi ile ndiyo iliyolipia upasuaji wa goti lake. Bila hiyo angekuwa anatambaa mpaka leo.

Wala hakukosa kwa ujinga. Mumewe alimfundisha vizuri. "Udongo una wenyeji wake, vijidudu usivyoviona," alizoea kusema. "Ukiulisha jinsengi tupu miaka sita, wale wema wanapungua, wanabaki walaji wa mizizi. Ukipanda tena kabla ya miaka kumi, umewaandalia karamu."

Chun-sik aliuza duka lake ili apande shamba hili. Tangu majani yaanze kugeuka manjano, mkewe alikuwa amerudi kwao na watoto. Bun-nyeo alijiona mwizi, tena mwizi wa mchana kweupe. Na Ijumaa wapimaji wa udongo walikuwa waje. Heri lisikike kwa kinywa chake kuliko kwa vichupa vyao.

Sim-deok alimsoma usoni, akamvuta mkono. "Usithubutu," akanong'ona. "Yaliyopita si ndwele."

"Kwangu ni ndwele. Sili, silali."

Akajikung'uta, akashuka mfereji mpaka alipokuwa Chun-sik.

"Mwanangu, weka jembe chini. Nina neno."

"Na mimi ninalo, mama. Niache nitangulie, nisije nikaishiwa nguvu."

Haya, atukane, Bun-nyeo alijiambia. Nastahili. Lakini Chun-sik alipiga magoti pale pale kwenye matope.

"Miche hii niliinunua rahisi, mama. Watu walinionya kwamba kitalu kile kina ugonjwa wa kuoza, nikajitia kiziwi. Wewe ulinipa ardhi safi, ardhi isiyowahi kuona jinsengi, na mimi nimeiua. Nimeshindwa hata kukuamkia kwa aibu. Wapimaji nimewaambia wasije. Wapime nini, na mkosaji mwenyewe nipo? Shamba lako nitalilipa, hata likinichukua maisha yangu yote."

Paji lake la uso likagusa udongo. Kule kwenye tuta, Sim-deok aliacha kutafuna.

Bun-nyeo alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga tangu alfajiri yalikuwa pale pale, tayari.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Nimekusamehe."