Mikono Sita Ukutani

Mwalimu mkuu alisimama chini ya mikono sita ya lugha ya ishara, ambayo dada yangu kiziwi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuichora kwenye ukuta wa shule yake ya zamani.

"Kazi safi! Inasemaje, mwanangu?" aliniuliza mimi, utadhani dada ni gogo.

Ilisema: "Mwalimu mkuu alitufunga mikono kwa kamba." Ndivyo alivyowalazimisha wanafunzi viziwi kuzungumza kwa mdomo. Kwenye kifundo cha mkono wa dada, alama ipo hadi leo.

Woga ukanishika. "Inasema, 'Karibuni wageni,'" nikadanganya.

Nilisahau kwamba kamba ile ndiyo iliyomfunza dada kusoma midomo.

Alinitazama kama uchafu uliomganda kiatuni. Kisha akachovya brashi, akamsukuma mwalimu kando kwa kiwiko, akaanza kuandika kwa herufi kubwa.