Mchimbaji Asiye na Jina

Picha ya kumi na moja, Marcel aliisukuma kando kwa ncha ya kiatu.

"Simba tena," alisema. "Huyu simba mmemwona wapi, stendi?"

Wachoraji wa Geita walinywea kwenye mabenchi yao. Maonyesho yangefunguliwa baada ya wiki tatu, na picha moja tu ndiyo ingechapwa kwenye mabango. Marcel, msimamizi, alikuwa amesomea sanaa Dar es Salaam miaka miwili, na hakumruhusu mtu yeyote kulisahau hilo.

Kwenye benchi la mwisho alikaa Mama Agnetha, anayechora vibao vya saluni na vya mama lishe. Alileta uso wa mwanamume: kofia ya mgodini imesukumwa nyuma, kovu kutoka nyusi hadi sikioni, jino la mbele limemeguka.

Marcel alicheka mpaka akashika meza.

"Mama Agnetha, hii si sanaa, ni picha ya kitambulisho! Basi angalau futa hilo kovu."

"Kovu libaki, bhabha."

"Na jino?"

"Na jino."

Ukaidi mtupu. Tena tangu asubuhi mama huyo alikuwa akiuliza mambo ya ajabu. Mabango mangapi? Yatafika Bugarama? Na Kahama? Namba ya simu itasomeka kwa mbali?

"Njaa ya sifa hiyo," Marcel alimnong'oneza Dorah, katibu wake. "Anataka kujulikana mpaka Shinyanga."

Saa sita akaja mfadhili wa maonyesho. Alizipita picha zote bila kusimama, akafika kwenye ule uso, akaganda.

"Huyu," alisema.

"Ndicho nilichokuwa nawaambia hawa tangu asubuhi," alisema Marcel bila hata kupepesa jicho. "Ni kila mchimbaji, na si mchimbaji yeyote. Tutamwita Mchimbaji Asiye na Jina."

Mama Agnetha alifunga macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha akasema jina lake yeye si lazima liandikwe. Marcel hakubisha, nafasi hiyo aliijaza kwa jina lake mwenyewe, kwa herufi nene.

Mabango yakabandikwa kila kona. Kuanzia siku hiyo Mama Agnetha alifika ofisini kila asubuhi, akaketi karibu na simu, akauliza kama kuna aliyepiga. Marcel alichoka naye. Mchora vibao amechapwa mara moja tu, tayari anahesabu mashabiki!

Siku ya tano simu ikalia. Marcel alijiweka sawa kola.

"Tiketi hizo," alisema. "Mwambie ziko chache."

Dorah alisikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Hataki tiketi, bosi. Anapiga kutoka Bugarama. Anasema huyo wa kwenye bango ni jirani yake, ana mke na duka la vipuri vya pikipiki. Anauliza, amwite aongee?"

Mama Agnetha alikuwa ameshasimama, anakaza kitenge kiunoni.

"Asimshtue!" alisema. "Baba Agnetha ana mbio. Mwambie amwache hapohapo dukani, mimi na wanawe wote sita tunapanda gari la saa nne."