Silabi Iliyozidi

Shomvi alihesabu silabi mara tatu, midomo ikimcheza kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila mara akapata tano. Wimbo wa mwisho wa mchezo wao wa kuigiza ulianza kwa noti nne tu, na mkewe Mwanaidi, mtunzi wa maneno, alikuwa ameandika “Nilikupenda”.

“Mama watoto, umenizidishia,” alisema, mikono juu ya kinanda. “Andika ‘Nakupenda’. Itaingia kama mguu kwenye kandambili.”

“Ongeza noti.”

“Lakini huyu msichana wa mchezoni bado anampenda jamaa yake.”

“Umemuuliza?”

Shomvi alicheka. Miaka kumi na tisa waligombana hivyo hivyo, na siku zote Mwanaidi ndiye aliyepunguza, huku akimwita kichwa kigumu. Leo hakumwita chochote. Alisimama mlangoni, buibui keshavaa, mkoba mkubwa begani.

“Kwani nani anaimba hapa, Mwanaidi?” aliuliza, kicheko kimemkauka.

“Wewe piga. Nisikie kama inaingia.”

Shomvi akapiga noti nne, polepole. Kidole cha tano kikabaki hewani, hakijui kitue wapi.