Kikundi Kisicho na Cheti

"Mwenyekiti wao akifa leo," Shitanda alisema, ugali ukiwa bado shavuni, "ndugu zake watatoka kijijini na pikapu, wabebe kila kitu mpaka sufuria. Sheria haitambui hao watu, Mama Tyson!"

Nelima alimwongezea mboga. Alikuwa amemuuliza tu kuhusu kikundi kimoja cha kwao Yamumbi, cha siku nyingi, ambacho hakijawahi kusajiliwa. Na kama kuna swali la kumfanya Shitanda asahau nyama, ni hilo. Ofisi yake katikati ya Eldoret ilikuwa meza moja, viti viwili na kibao mlangoni: SHITANDA, MSHAURI WA USAJILI. Alikuwa amesajili vikundi vingi, vikiwemo viwili vilivyomtimua kabla wino haujakauka. Hakuweka kinyongo. Katiba iliyomtimua aliiandika mwenyewe, na ilikuwa safi.

"Wako wangapi?"

"Waanzilishi wawili. Wanalea watoto, wanawasomesha."

"Wawili? Kikundi cha jamii kinataka watu kumi. Hao wafanye trasti, ama kampuni isiyo ya faida." Akalamba kidole. "Faida si hawapati?"

"Faida!" Nelima alicheka hadi akashika meza. "Tangu lini?"

"Katiba iko?"

"Katiba ni mdomo wa mwenyekiti."

"Na huyo bwana mkubwa, mbona hajasajili miaka yote hiyo?"

"Anasema mwaka ujao. Kila Krismasi, mwaka ujao. Ati cheti ni karatasi tu, cha maana ni moyo."

"Moyo!" Shitanda alipiga meza, mchuzi ukaruka. "Wateja wangu wote wavivu huimba huo wimbo. Huyo ni punda, aki. Na mwenzake amenyamaza tu?"

"Alikuwa anatafuta mtaalamu amwambie."

"Basi mwambie Shitanda amesema: wasajili leo!"

"Leo leo?"

"Leo leo! Nitafunga hii ofisi niwasindikize mimi mwenyewe. Na huyo punda akileta maneno, nitamvuta na shati."

Nelima alifunika bakuli, akapangusa mchuzi mezani bila haraka. Kisha akaingiza mkono chini kabisa ya kikapu alicholetea chakula, akatoa shati jeupe lililopigwa pasi, na lile koti lake Shitanda la Krismasi.

"Vaa, Mwenyekiti. Ofisi ya ndoa inafunga saa kumi."