Aliyewahi Kujibu

Mashine thelathini na mbili ziliamka kwa pamoja saa nne asubuhi, na hata moja haikumjua aliyezihangaikia.

Mama Waya alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akisoma vioo vya kompyuta. Kila kioo kilionyesha namba ya seva, kompyuta kuu, iliyoiambia mashine la kufanya. Namba ya seva yake inaishia na mbili. Hii iliyoandikwa hapa inaishia na tisa.

Wiki tatu alikuwa kwenye kazi hii. Mashine mpya huja tupu, haina programu wala jina. Ukiiwasha, inapiga kelele kwenye mtandao: mimi nani, na nifanye nini? Seva ya Mama Waya ndiyo iliyotakiwa kuzijibu zote, izipe majina, izimiminie programu, bila mtu kuzunguka na flashi mkononi kama mchuuzi. Ubaya ni mmoja: mashine tupu haina subira wala adabu. Anayewahi kujibu ndiye mama yake, hata kama mama mwenyewe yuko njiani anakuja.

Na leo ndiyo leo. Mkataba wake unakwisha jioni, makao makuu yameleta mkaguzi, na nafasi ya kudumu ni moja kwa watu wawili: yeye na wifi yake.

Wifi huyu, mke wa kaka yake, Mama Waya ndiye aliyempokea nyumbani na mabegi yake yote, akamwombea kibarua hapa, akamfundisha kazi kuanzia namna ya kushika bisibisi. Nyumba ikijaa wageni, wifi ndiye aliyekuwa akiwavunja watu mbavu. Lakini wiki hii amekuwa bubu. Anakula upande wake, ukimsemesha anakuitikia "mm".

"Mimi simo," dada wa mapokezi alikuwa amemwambia juzi, na ukimsikia anasema hivyo ujue yumo mpaka shingoni. "Ila wifi yako kaingia kwa meneja mara mbili, mlango umefungwa. Nusu saa nzima. Katoka anatabasamu, alivyoniona tabasamu likafa."

Siku ile Mama Waya alimcheka. Leo aliushika waya asioujua, pale ulipochomekwa, akaufuata nje ya chumba, kwenye korido, mpaka chini ya meza ya wifi. Kompyuta ya mkononi, imefunikwa sweta, inanguruma kama paka aliyeshiba.

Aliifunua. Orodha ya mashine zote ilikuwa humo, namba kwa namba, imenakiliwa kutoka kwake. Hadi maneno aliyojiandikia pembeni, "hii feni yake mbovu", yalikuwemo.

"Wifi, usiiguse." Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ni yako?"

"Yangu. Haikutakiwa kujibu kabla ya yako. Nimeiwasha mapema, kosa langu. Nivumilie mpaka saa sita tu, nitakueleza."

"Saa sita nitakuwa nafungasha."

"Nimekatazwa kusema, wifi yangu."

"Umekatazwa na nani? Huyo mnayejifungia naye?"

Wifi alinyoosha mkono aichukue kompyuta.

Basi Mama Waya akauchomoa waya, akaipakata ile kompyuta, akaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa meneja. Hodi hakupiga. Mkaguzi alikuwa amekaa humo, kalamu mkononi, faili limefunguliwa mbele yake.

"Hii imechomekwa kwenye mtandao wa kampuni kwa siri," alisema Mama Waya, "na aliyeichomeka ni huyu."

Wifi alikuwa amemfuata, anahema mlangoni.

Meneja alikunja uso. "Mama Waya, tuyaongee baadaye."

"Tuyaongee sasa, mgeni naye asikie. Nimemlaza kwangu, nimemlisha, nimemtafutia kazi, kumbe ananichimba. Anayeweka kompyuta bila kibali anavuliwa beji siku hiyohiyo. Sheria mliiandika wenyewe, mkaibandika ukutani."

Mkaguzi alimgeukia meneja. "Kibali kipo?"

Meneja alimtazama wifi, kisha akalitazama faili. "Bado."

"Basi hakipo," alisema mkaguzi, akaifunika kalamu yake.

Wifi alijivua beji mwenyewe. Akaiweka juu ya meza ya meneja. Kisha akamgeukia Mama Waya.

"Mabegi yetu tutayapitia jioni," alisema. Neno wifi hakulitamka.

Mkaguzi alitoka kwenda kuzikagua mashine. Mama Waya alijiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Alivuta kiti.

"Kwa hiyo nafasi ni yangu."

"Ilikuwa yake tangu wiki iliyopita," alisema meneja. "Akakataa. Akasema nafasi ziwe mbili au asipewe kitu, akaniletea hoja: seva moja ikizimika, hakuna mashine itakayoamka, kwa hiyo iwepo ya akiba, na mtu wa kuiangalia. Hiyo uliyoipakata ndiyo mfano wake. Nilimkataza kusema mpaka mkaguzi asaini."

Alimsogezea faili. Chini ya ombi palikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wa wifi. Kwenye mstari wa msaidizi, mwangalizi wa seva ya akiba, alikuwa ameandika jina lake mwenyewe. Kwenye wa mkuu wa huduma aliandika la Mama Waya.